Damu Niliyoiandika Mia Tatu

3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila hodi. Paa la wodi ya wazazi linavuja palepale pa mwaka jana, juu ya kitanda namba tatu. Tumesogeza kitanda, tumetega ndoo. Wamejifungua wanne, mmoja mapacha. Daftari hili nimelitoa stoo. Lilichapwa vibaya, mistari imepinda, halifai kwa rejista. Nitaandika humu kwa sababu wodini mimi ndiye ninayelalamikiwa, na nyumbani sina wa kumlalamikia.

Nimerudi saa tisa, hoi. Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, yuko kitandani, blanketi mpaka kidevuni. Jiko la baridi, vyombo vya jana vimekauka. Mwanamke wa miaka thelathini na tano, hana homa, hana jeraha. Nimepika mimi ninayehesabu miaka ya kustaafu. Nikasema kwa sauti ili asikie, "Nyumba hii ina wanaume wawili, na mmoja wao ni mimi." Akajibu taratibu kutoka chumbani, "Samahani, wifi. Naamka sasa hivi." Hiyo sasa hivi yake nimeisikia miaka tisa.

6 Machi

Wamejifungua sita. Miguu imejaa. Mvua.

8 Machi

Jumapili ya kukaa nyumbani, nayo pia ni kazi. Mdogo wangu ni fundi wa friji na wateja wake hawajui siku ya mapumziko. Leo kaja mmoja na friji kwenye mkokoteni, na kabla hajapewa kiti ameshasimuliwa hadithi ile. "Unamwona dada yangu? Huyu ndiye aliyemzalisha mke wangu. Kondo lilikwama, damu ikatoka, yeye katulia tu kama hakuna kitu. Bila huyu, mimi leo ni mgane na binti yangu yatima." Mteja akanipa mkono wa heshima. Mimi nikaulizia chai.

Hadithi hiyo ndiyo iliyonipa chumba cha uani mume wangu alipofariki, na ndiyo inayonipa sauti mezani. Sijawahi kuomba isimuliwe, wala sijawahi kuikatiza.

Binti, mwenye miaka tisa, anafua sare yake mwenyewe. Mama yake kakaa mlangoni na sweta mbili. Jua limechomoza kidogo na sisi wengine tunatoka jasho. Mimi ndiye niliyembandika jina la Bibi Blanketi. Lilianza kama utani wa mawifi, sasa hata muuza mkaa analijua. Mwenyewe hucheka pamoja nasi, tena hucheka wa mwisho, maana kwake hata kicheko kinachelewa kufika.

12 Machi

Ndoo mbili sasa. Karani wa vifaa anasema bati liko njiani. Njia hiyo lazima ni ndefu.

15 Machi

Binti kaniuliza wakati namsuka, "Shangazi, mama ataacha lini kuumwa?"

"Mama yako haumwi. Amechoka tu."

"Kachoka na nini?"

Ni swali langu la kila siku, ila nimezoea kulisikia kwa sauti yangu. Kwa sauti ya mtoto halikunifurahisha. Nikaendelea na mstari mwingine wa nywele.

18 Machi

Siku yangu ya mapumziko nimempeleka wifi zahanati ya jirani, ili mdogo wangu aache kuniangalia kwa macho ya kuomba msaada. Tabibu wa pale ni mama mwema. Kamtazama ngozi iliyokauka, kamsikiliza sauti nzito, kampima damu. Jioni majibu: homoni ya tezi ya shingo iko chini. Ndiyo maana anasikia baridi, ndiyo maana anachoka. Kapewa vidonge, kimoja kila asubuhi kabla ya kula.

Nimefurahi. Nimefurahi kwamba ni jambo la shingoni, lenye kidonge kimoja. Mdogo wangu kanunua soda kwa watu wote wa nyumba.

21 Machi

Watano. Mmoja kapasuka vibaya, nimeshona nikiwa nimepiga magoti. Wifi ameamka asubuhi akafagia uwanja. Nusu yake.

25 Machi

Moyo unamwenda mbio, anasema. Mikono inatetemeka. Nimemwambia dawa ndiyo inaingia, avumilie.

29 Machi

Anatapika. Akisimama anashika ukuta. Leo alitaka kuacha vidonge na mimi nikamsimamia kichwani na kikombe cha maji kama mtoto wa shule. "Hata dawa unaidekea, wifi? Wenzako wanaitafuta hawaipati." Akameza. Kaniangalia kwa macho ya kuomba radhi. Huyu mwanamke ameniomba radhi mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu.

1 Aprili

Binti ndiye aliyemkuta, sakafuni bafuni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi akienda kunawa aende shule. Ngozi ya baridi, imeloa. Nilimshika mkono nikatafuta mapigo, nikayapata kwa shida.

Kwenye pikapu ya mdogo wangu kulikuwa na friji la mtu, limefungwa kamba, na hapakuwa na muda wa kulishusha. Tukaenda nalo. Wifi kaegemea bega langu, mvua inapiga kioo, maji barabarani yamefika kwenye ekseli. Mdogo wangu anaendesha huku anasema, "Dada, ulimwokoa mara moja, muokoe na hii." Alisema mara tatu. Nilitamani anyamaze.

Hospitali kubwa: presha sabini kwa arobaini, sukari imeshuka hadi mbili nukta tatu, chumvi ya damu nayo imeshuka. Dripu ya kwanza, ya pili, ya tatu, presha iko palepale. Daktari wa zamu akakuna kichwa, kisha akasema ajaribu haidrokotisoni, sindano wanayopewa watu ambao presha imegoma. Saa moja baadaye wifi akafumbua macho. Presha mia moja. Akaomba chai na mkate. Akamaliza, akaomba mwingine. Miaka tisa anadonoa chakula, leo kala mikate miwili mbele yangu na rangi ikamrudi midomoni.

Kwenye faili wameandika maambukizi makali. Mdogo wangu kalia kwenye korido, wazi bila kujificha. Mimi nilikaa benchi, na kichwani mwangu kuna kitu kilichoanza kujongea ambacho sikutaka kukiangalia.

4 Aprili

Bado kalazwa. Bado sindano. Anaongea, anacheka kwa wakati wake.

9 Aprili

Daktari wa homoni huja hospitali kubwa kila Alhamisi. Ni mama mfupi mwenye miwani, manesi wanamwita Taratibu kwa jinsi anavyosema. Kamuangalia wifi nusu saa nzima. Kamwinua mkono, kwapani hakuna hata unywele. Kauliza hedhi: haijarudi tangu uzazi. Kauliza kunyonyesha: maziwa hayakutoka hata tone. Akavua miwani.

"Ulipojifungua ulitoka damu nyingi?"

Wifi akasema hakumbuki vizuri, alizimia. Mdogo wangu akadakia kwa fahari, "Dada yangu huyu hapa ndiye aliyemzalisha. Mkunga wa miaka thelathini. Muulize yeye."

Daktari akanigeukia. "Sista, damu ilikuwa kiasi gani?"

Kadi ya kliniki ilikuwa mkononi mwake, na juu yake mwandiko wangu: kujifungua kawaida, damu mililita mia tatu. Nikasema, "Kawaida. Mia tatu, kama ilivyoandikwa."

Akaifunga kadi, akasema, "Kama angekuwa ametoka damu nyingi nisingesubiri, ningemwanzishia dawa leo hii. Lakini kama ni mia tatu, yawezekana kweli yalikuwa maambukizi. Na sindano walizompa zimeshavuruga vipimo." Akaagiza sindano zikome, vidonge vya shingo viachwe kwanza, na mgonjwa arudi Alhamisi ya tarehe thelathini, saa mbili asubuhi, kwa vipimo vipya.

Nilikuwa na nafasi ya kufungua mdomo mpaka alipofika mlangoni. Ni mlango wa hatua sita kutoka kitandani.

11 Aprili

Karudishwa nyumbani. Blanketi.

14 Aprili

Leo nimeingia stoo ya kituo chetu kutafuta rejista ya mwaka ule. Iko chini ya nyingine, panya wamekula pembe. Nimeipata siku yenyewe, jina lake, namba yake, mia tatu. Nikapanda na safu ile kwa kidole: mia tatu, mia tatu, mia mbili hamsini, mia tatu. Nimefungua kurasa nne. Wanawake themanini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyefika mia tano.

Sisi wote tulikuwa tunaandika hivyo. Ikizidi mia tano unajaza fomu ya kurasa tatu, na msimamizi anakuja, mnakaa kikao, mnaulizwa kwa nini hamkumpeleka hospitali mapema. Basi damu tunaikadiria kwa macho, na macho yetu yalishajifunza kuona mia tatu. Mkunga mpya akija tunamfundisha kufunga kitovu, na hilo tunamfundisha pia.

Siku ile ilikuwa saa nane mchana. Kondo liligoma. Vitambaa viwili vililoa, nikaweka vingine, navyo vikaloa, ndoo ya chini ya kitanda ilinilazimu kuimwaga. Presha sikuipima kwa muda mrefu kwa kuwa niliogopa kuiona. Ilistahili gari la wagonjwa. Lakini ni mke wa mdogo wangu, nilitaka kumaliza mwenyewe, na nilimaliza: nililitoa kondo kwa mkono, nikafunga dripu mbili, akapona. Nje mdogo wangu akapiga magoti kunishukuru. Nikaenda kunawa mikono, nikakaa mezani, nikaandika mia tatu. Kwa hesabu ya leo, zilikuwa lita mbili, labda na zaidi. Damu ya kiasi hicho, tulifundishwa chuoni, yaweza kuua tezi ya kichwani inayoamrisha kotisoli, homoni inayoushikilia mwili ukiugua.

17 Aprili

Nilitaka kusema wakati wa chakula. Mdogo wangu alikuwa amechangamka, amepata kazi ya friji nne za duka moja. Nikaona nisimharibie siku.

19 Aprili

Sijasema. Wifi kalala mchana kutwa. Presha tisini kwa hamsini. Nimempima nikijifanya najaribu mashine mpya.

20 Aprili

Saba. Kuna msemo tumeubandika ukutani kliniki, kwa herufi kubwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeupita mara kumi na mbili leo. Nilidhani ni kwa ajili ya wagonjwa.

22 Aprili

Binti ana mafua, kayatoa shule. Nimemwambia asilale na mama yake. Kalala naye.

25 Aprili

Jumamosi. Nitaandika yote, hata kama mkono unauma.

Asubuhi nikijiandaa kwenda zamu, wifi alikuwa na homa na kikohozi, mafua yaleyale ya binti. Binti keshapona, anaruka kamba. Mama yake saa tano alianza kutapika, saa sita hakumjua mumewe. Nilimpima: sabini kwa juu, chini mashine haisomi. Mafua. Mtu mzima anauawa na mafua mbele ya macho yangu, na najua kwa nini.

Pikapu tena, barabara ileile. Safari hii mdogo wangu hakusema kitu, na mimi nilikuwa nimemshika wifi kichwa. Mapokezi kulikuwa na daktari mwingine wa zamu, mwanamume mrefu mwenye haraka. Alishika faili, akasoma kwa sauti. "Maambukizi makali, mwanzo wa mwezi. Kujifungua kawaida, damu mia tatu. Sawa, dripu na dawa za kuua vijidudu."

Nikasema, "Hiyo mia tatu si kweli."

"Nani kasema?"

"Mimi. Mwandiko huo ni wangu. Alimwaga lita mbili na nikaandika mia tatu. Tezi ya kichwani imekufa, hakuna wa kuamrisha kotisoli itoke. Chukua damu kwanza kwa kipimo cha kotisoli, halafu mpe haidrokotisoni miligramu mia, mshipani, sasa. Usisubiri majibu."

Daktari alinitazama, akaniona sare chini ya koti la mvua, akaita nesi. Damu ikachukuliwa. Sindano ikaingia. Nikaangalia mpaka tone la mwisho.

Halafu ndipo nilipogeuka. Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu, kashika mkoba wa mkewe wa mkononi, kaufungua na kuufunga, kaufungua na kuufunga.

"Dada. Alhamisi ile daktari alikuuliza."

"Ndiyo."

"Nilikuwepo. Alikuuliza na wewe ukasema kawaida."

"Nilisema kawaida."

"Na ukamwacha arudi nyumbani."

Nilimwambia kuhusu fomu, kikao, jinsi sote tulivyokuwa tunaandika. Nilijisikia nikisema na kila neno lilikuwa jepesi kuliko lililotangulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyowasikiliza wateja wanaosingizia umeme wakati friji wameliangusha wenyewe. Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa korido.

Saa kumi wifi aliomba chai.

30 Aprili

Taratibu kaja. Majibu ya damu ile yametoka: mtu mwenye homa kali kotisoli yake inatakiwa kupanda sana, ya wifi karibu haipo. Homoni ya shingo iko chini, na ile ya kichwani ambayo ingepaswa kuisukuma iko kimya. Ya maziwa nayo hakuna.

Kawaeleza wifi na mdogo wangu, polepole, nami nimesimama pembeni kama mwanafunzi. "Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere. Hiyo ndiyo inayoziamrisha nyingine: ya shingoni, zile za juu ya figo, mayai ya uzazi, maziwa. Ujauzito unaifanya inenepe, inataka damu zaidi. Mwanamke akimwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, inakosa chakula, inakufa. Wengine huipoteza kwa uvimbe kichwani, au ajali, au mionzi. Wewe ni damu."

Wifi akauliza, "Kwa hiyo vile vidonge vya shingo vilikuwa vibaya?"

"Vilikuwa sahihi, ila vilitangulia. Vinauchochea mwili utumie kotisoli haraka, na wewe kotisoli huna. Kwanza tunarudisha kotisoli. Shingo inafuata baada ya wiki. Mengine baadaye."

"Kwa hiyo sikuwa mvivu."

Daktari hakuelewa neno hilo limetoka wapi. "Mvivu? Mama, sijui ulikuwa unasimama kwa kutumia nini."

Wifi aliinamisha kichwa. Hakuniangalia. Mdogo wangu aliniangalia. Taratibu alinikuta kwenye ngazi akaniuliza jambo moja tu: "Ulikuwa unasubiri nini?" Nikasema sijui. Nilijua.

3 Mei

Mdogo wangu ananiita Sista, kama wagonjwa. Mbele ya watu, na hata tukiwa wawili.

7 Mei

Leo wifi karudi nyumbani, na kidonge cha shingo nacho kimerudi, sasa kikiifuata kotisoli. Kotisoli mara tatu: akiamka, mchana, jioni, asikose maisha yake yote. Akipata homa anazidisha mara mbili. Akitapika, hakuna kusubiri, ni sindano na hospitali. Kapewa kadi ya kuwekwa kwenye mkoba ili hata akizimia njiani wajue. Maagizo haya mdogo wangu kayaandika kwa chaki kwenye mlango wa friji bovu sebuleni. Nilitaka kumfundisha kuchoma sindano. Kasema atafundishwa hospitali.

12 Mei

Wanane. Nimeomba mizani jikoni mwa kituo, ile ya kupimia unga. Tunapima vitambaa vikavu, tunapima vikiloa, tunatoa. Mwanamke wa kitanda namba mbili: mia sita na themanini. Nimejaza fomu, kurasa tatu. Mkunga mwenzangu, tunayemwita Redio, kasema, "Sista, unatuharibia takwimu. Msimamizi atadhani tumeanza kuua watu mwezi huu."

Nikamwambia aandike anachoona kwenye mizani. Kaandika, amenuna.

16 Mei

Picha ya kichwa imetoka. Mahali pa tezi papo, tezi imesinyaa, imebaki kama utando. Uvimbe hakuna. Wifi kaiomba picha hiyo, kaiweka juu ya kabati la vyombo. Ninaiona kila nikichukua sahani.

19 Mei

Msimamizi kaja. Kikao cha saa tatu. Nimemweleza pia kuhusu rejista za zamani, zangu, si za wengine. Nitaitwa tena.

24 Mei

Nimeamshwa na ufagio. Saa kumi na mbili asubuhi, wifi anafagia uwanja, wote, mpaka nyuma ya choo, na mvua ilikuwa imeacha matope. Kavaa gauni la mikono mifupi. Nilisimama dirishani nikalia. Si kwa furaha tu. Nilikuwa nahesabu asubuhi za miaka tisa ambazo nilimpigia kelele mtu aliyekuwa anatumia nguvu zake zote kukaa hai.

Nikatoka nikamsalimia. Kaitikia vizuri, akaendelea kufagia.

29 Mei

Sasa anapika yeye. Sahani yangu hufunikwa na kuachwa mezani, nao wakiwa wameshakula.

2 Juni

Muuza mkaa kamwita Bibi Blanketi. Akamjibu kwa upole kwamba ana jina, akamtajia. Muuza mkaa kaomba radhi. Nilikuwa nyuma ya mlango, na nikabaki hapohapo.

6 Juni

Mvua zinapungua. Wanne. Binti kaanza kumfuata mama yake kila mahali, hata chooni anasubiri nje. Wanaimba.

13 Juni

Naandika haya nikiwa nyumba za watumishi, chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji.

Jana mchana wifi aliniita jikoni. Mdogo wangu alikuwa uani na friji zake. Alijua tunachokwenda kuzungumza, maana alizima redio. Wifi alisimama, mimi akanipa kiti.

"Wifi, nilikuwa nasubiri nione kama itanipita. Haijanipita. Kila siku nikipata nguvu kidogo, inakua na yenyewe."

Nikasema namsikiliza.

"Hiyo damu siku ile, sikulaumu. Ulihangaika, najua. Hata kuandika uongo, mlikuwa mnaogopa wakubwa wenu, nimeelewa. Lakini miaka tisa ulikaa nyumba hii. Wewe ni mkunga. Umeona maziwa hayatoki, umeona hedhi haiji, umeniona natetemeka kwenye jua. Kama kuna mtu mmoja duniani aliyepaswa kujua, ni wewe. Na ndiye wewe uliyenipa jina. Mimi nilikuwa nakuomba msamaha. Asubuhi na jioni nakuomba msamaha, na nilikuwa namaanisha. Nilimlea mwanangu nikiamini kapata mama mvivu."

"Wifi yangu—"

"Sijamaliza. Daktari alikuuliza na mimi nimelala pale. Nikarudi nyumbani nikafe kwa mafua. Siku kumi na sita, wifi. Ulikuwa unanipima presha, nikadhani unanijali."

Alisema kwa muda mrefu. Sauti haikukatika wala hakushika ukuta. Uso ulikuwa na rangi ya uhai, mishipa ya shingo imesimama. Nilikuwa nimekaa pale natukanwa kwa haki, na bado nusu yangu ilikuwa kazini, inamwangalia, inaona kwamba mwanamke huyu amepona.

"Sina chuki ya kukuombea mabaya," alisema mwishoni. "Ila siwezi kukuona kila siku. Nataka uhame. Nimeshamwambia mume wangu, na yeye kasema mimi ndiye mwenye kuamua."

Nikasema, "Una haki."

Leo asubuhi nilifungasha. Mdogo wangu alisogeza pikapu mpaka barabarani kwa sababu matope uani bado hayajakauka, akabaki ndani ya gari, mikono kwenye usukani. Lilibaki sanduku langu la bati, la vitabu na sare na vyombo vya marehemu mume wangu. Nililishika pembe moja nikaona siliwezi. Wifi alikuja, akaviringisha kanga akaiweka kichwani, akajitwisha.

Kutoka uani hadi barabarani ni hatua mia na ushee, na mwisho wake ni kilima. Nilimfuata nyuma na mto wangu na beseni, nikisimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Yeye hakusimama. Alilitua nyuma ya pikapu, akakung'uta mikono, akarudi ndani akinipita bila kuniaga, kwa mwendo wa mtu mwenye kazi nyingi zinazomngoja.